Wangapi Hawakurudi?

Swali lilitoka safu ya tatu, kwa profesa mstaafu aliyeinuka taratibu huku ameshikilia kiti cha mbele yake. "Daktari," alisema, "hao uliotuonyesha ni waliorudi. Wangapi hawakurudi?"

Nilikuwa jukwaani kwenye kongamano la mwaka la chama chetu cha utafiti wa masikio, pua na koo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwasilisha kitu mbele ya watu wanaoijua kazi hiyo kuliko mimi. Mada yangu ilikuwa upasuaji wa kuziba ngoma ya sikio iliyotoboka. Ni upasuaji niliouzoea: unachukua kipande cha utando mwembamba unaofunika msuli wa panja, unakilaza chini ya tundu, unakishikiza, na mwili unamalizia kazi. Picha zangu zilikuwa nzuri. Karibu kila sikio nililolichungulia baada ya miezi kadhaa lilikuwa limeziba. Nilijiandaa kuulizwa kuhusu hadubini, kuhusu mkato, kuhusu umri wa wagonjwa. Swali hili sikujiandaa nalo kabisa, maana halikuwahi kunipitia akilini.

Nilijibu kwamba nitaangalia.

"Ukishaangalia, tuletee," akasema, akaketi.

Niliporudi kazini nilifungua daftari la chumba cha upasuaji nikalilinganisha na majalada ya kliniki, jina kwa jina. Ilinichukua jioni tatu. Wasiorudi walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Walikuwa wengi kiasi kwamba mafanikio niliyoyatangaza yangeweza kuwa ya kweli, na yangeweza pia kuwa mbali sana na ukweli. Ukichukulia kwamba wote walipona, matokeo yangu yanang'aa. Ukichukulia kwamba masikio yao yote yalitoboka upya, basi mimi ni mpasuaji wa kawaida sana, pengine chini ya hapo. Sikuwa na njia ya kuamua ipi kati ya dhana hizo mbili ni ya kweli. Nilikuwa nimewatoa watu hao kwenye hesabu kwa neno moja tu, "waliofuatiliwa", nililoliandika juu ya jedwali bila hata kulifikiria.

Kamati ya maadili ilitukubalia kuwatafuta. Tukaanza kupiga simu: mimi, sista wa kliniki, na karani wa majalada, kila siku kazi ikiisha. Siku ya kwanza karibu hakuna aliyepokea. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilianza kusema maneno ninayoyajutia hadi leo, kwamba wagonjwa hawajali, kwamba wakishapata nafuu wanatusahau, kwamba namba walizotuachia ni za kubahatisha. Sista aliweka mkono wa simu chini akanitazama.

"Daktari, hawa watu walikuja kwetu wakiumwa nini?"

Nikasema masikio.

"Hawasikii," akasema. "Na sisi tunawapigia simu."

Nimehudhuria makongamano mengi tangu siku hiyo, nimesikiliza wanasayansi wakubwa, na bado sijasikia sentensi iliyonifundisha mbinu za utafiti kuliko hiyo. Mpango wetu wa kuwafikia wagonjwa ulikuwa unawachuja wale hasa tuliowatafuta. Mwenye sikio lililopona angepokea simu na kutuambia yuko salama. Mwenye sikio lililoharibika asingeisikia hata ikilia. Kama tungeendelea hivyo na kuongeza waliopokea kwenye jedwali, tungepata namba nzuri zaidi ya ile ya mwanzo, na tungejisifu kwamba tumefuatilia watu wengi zaidi. Kosa lingekuwa limekua, huku likionekana kama bidii.

Tukabadili njia. Tukatuma ujumbe wa maandishi, tukawatafuta ndugu walioandikwa kwenye fomu za kibali cha upasuaji, na wachache tukawafuata hadi walipo. Majibu yalikuja polepole na hayakufanana. Baadhi walikuwa wazima kabisa na hawakuona sababu ya kupoteza siku nzima foleni ili waambiwe wao ni wazima. Hilo lilinishangaza, kwa sababu nilikwishaanza kuamini kwamba kila asiyerudi ni upasuaji ulioshindikana. Wengine masikio yalikuwa yanatoa usaha tena. Mama mmoja alikuwa ameishi na sikio linalotoka usaha zaidi ya mwaka, akilifuta kwa pamba kila asubuhi, na nilipomuuliza kwa nini hakurudi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilidhani mtakasirika. Mlihangaika sana na sikio hili."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutokuwepo kwake kwenye jedwali langu kulitokana na mimi. Siku ya kumruhusu nilikuwa nimemwambia kwa furaha kwamba kazi imekwenda vizuri sana na sasa ni jukumu lake kulitunza sikio. Kwa hiyo lilipoharibika, aliona ni yeye aliyeshindwa kulitunza. Siku hizi mgonjwa hatoki kitandani kabla sijamwambia kwamba ngoma hutoboka tena hata kwa aliyefuata kila agizo, na kwamba ikitokea, yeye ndiye ninayemhitaji zaidi.

Mzee mmoja tulimpata kupitia mjukuu wake. Huyu alikuwa ametupotea baada ya ziara moja tu, na kwenye ziara hiyo nilikuwa nimeandika "ngoma imeziba, safi". Aliingia kliniki nikamchungulia: kweli, ngoma imeziba, safi. Nikamweleza kwa furaha. Akamgeukia mjukuu wake kuuliza nimesema nini.

Nililiwaza jambo hilo kwa wiki nyingi. Kwenye jedwali langu mzee huyu alikuwa ushindi kamili. Kwa maisha yake, hakuna kilichobadilika. Ngoma ni mlango tu. Nyuma yake kuna vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko, nyundo, fuawe na kikuku, na hicho kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, milimita tatu hivi. Usaha wa miaka ukishavila vifupa hivyo, daktari anaweza kuziba mlango vizuri kabisa na sauti isifike ndani. Na zaidi ya hapo kuna koklea, kifuko kilichojisokota kama konokono, chenye chembe za vinyweleo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari za kwenda kwenye ubongo. Zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kwa ndege huota, jambo lililogunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi sasa kuna maabara nyingi zinazojaribu kujifunza siri hiyo kwa ndege.

Mimi nilikuwa nimepima kilicho rahisi kupimwa. Tundu lipo au halipo: unachungulia, unaandika. Kumbe wapo watu waliokwishalifikiria tatizo hili kabla yangu na kuliwekea utaratibu. Mwaka 1995 kamati ya usikivu ya akademia ya madaktari wa masikio, pua na koo ya Marekani ilitoa mwongozo wa namna ya kuripoti matokeo ya upasuaji wa aina hii: pima usikivu kwa sauti nene hadi nyembamba, za hezi 500, 1,000, 2,000 na 3,000, chukua wastani, linganisha sauti inayopita hewani na inayopita kwenye mfupa, na usitangaze matokeo kabla ya mwaka mmoja kupita. Ukiusoma haraka unaona ukarani. Nilipousoma nikiwa na yule mzee akilini, niliona kila sharti limewekwa ili mtu kama yeye asipotee ndani ya neno "safi".

Watu wakisikia chama cha madaktari, wengi huwaza maslahi ya madaktari wenyewe. Vyama vya utafiti kama chetu vina kazi nyingine, na ni vya siku nyingi. Chama cha Marekani cha sayansi ya sikio kilianzishwa mwaka 1868. Kile kiitwacho Triological, jina linalobeba elimu tatu za sikio, pua na koo, kilianza mwaka 1895, na mpaka leo anayetaka kuingizwa kuwa mwanachama kamili huandika tasnifu ya utafiti kwanza. Kingine cha kimataifa kilizaliwa Ulaya mwaka 1926 na kikajiita kwa Kilatini Collegium Oto-Rhino-Laryngologicum Amicitiae Sacrum. Maneno hayo mawili ya mwisho yana maana ya kwamba kimewekwa wakfu kwa urafiki. Zamani niliyaona ni mapambo. Sasa nayachukulia kwa uzito, kwa sababu yule profesa wa safu ya tatu hakuniacha na swali mikononi. Baada ya kikao alinisubiri mlangoni, akanipa jina la mtakwimu wa chama, akaniambia nisimwendee nikiwa nimekwisha kufanya hesabu, nimwendee sasa.

Mtakwimu huyo alinifunga mikono kwa namna niliyoihitaji. Alinitaka niandike mapema, kabla ya kuona jibu lolote, nitahesabu nini kuwa mafanikio, na nitawafanyaje ambao hawatapatikana hata baada ya kutafutwa. Kisha hesabu ifanyike mara mbili, mara moja kwa kuwachukulia waliopotea kama wamepona, mara ya pili kama wote wameharibika, na msomaji aone zote mbili. Alinipa pia utafiti wa kusoma, ule wa Scotland uliotolewa mwaka 2007 kuhusu kupooza ghafla kwa upande mmoja wa uso. Ugonjwa huo madaktari walikuwa wakiutibu kwa mazoea: wengine walitoa prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe, wengine dawa ya virusi aciclovir, wengine zote, wengine walisubiri tu. Hakuna kliniki moja inayopata wagonjwa wa kutosha kumaliza ubishi huo, kwa hiyo madaktari wa kawaida na wale wa masikio, pua na koo wa nchi nzima waliungana. Waliwagawa wagonjwa 551 kwa kura. Baada ya miezi tisa, kati ya waliopata prednisolone 94.4 kwa mia walikuwa wamepona kabisa, na kati ya ambao hawakuipata 81.6 kwa mia. Aciclovir haikuonyesha faida.

"Umeona nini?" mtakwimu aliniuliza.

Nikamtajia asilimia hizo. Akatikisa kichwa, akaweka kidole kwenye mstari mwingine: kati ya 551, waliopatikana kwa tathmini ya mwisho walikuwa 496. Waandishi walikuwa wameiandika namba hiyo mapema, ndani ya muhtasari, mahali ambapo kila msomaji ataiona. Ndiyo namba ile niliyoulizwa jukwaani.

Sitaki kukisifu chama kana kwamba hakiwezi kukosea. Hadhara ya wataalamu inaweza kulizima wazo zuri, na fani yetu ina kisa chake. Kuna kizunguzungu kinachomshika mtu akijigeuza kitandani au akiinua kichwa kutazama juu. Chumba kinazunguka kwa sekunde chache, kisha kinatulia. Kinasababishwa na chembechembe za kalsiamu kaboneti zilizong'oka mahali pake kwenye sikio la ndani na kuingia kwenye mifereji ya nusu duara, na hapo zinauambia ubongo kwamba kichwa kinazunguka wakati hakizunguki. John Epley, daktari wa Portland, Marekani, alibuni namna ya kumlaza na kumgeuza mgonjwa hatua kwa hatua ili chembe hizo zirudi zilikotoka. Aliionyesha kwa wenzake mwaka 1980. Wengi hawakumwamini, ugonjwa unaosumbua hivyo kutibiwa kwa kugeuza kichwa tu, bila dawa wala kisu, waliona ni mzaha. Makala yake ilichapishwa mwaka 1992. Majaribio ya kulinganisha yaliyofuata yalimuunga mkono, na leo ndiyo tiba ya kwanza ya ugonjwa huo duniani kote. Miaka 12 ilipita kati ya kuonyesha na kuchapisha. Kila ninapomgeuza mgonjwa na kumwona akiketi huku anashangaa kwamba chumba kimetulia, nawafikiria walioanguka katika miaka hiyo.

Kwa hiyo naona kuna maswali ya aina mbili kutoka safu ya tatu. Lipo linaloulizwa ili aliye jukwaani ashuke, na lipo linaloulizwa ili arudi mwakani akiwa na jibu. Maneno yanaweza kuwa yaleyale. Nilipochaguliwa kuongoza vikao vya vijana, nilijiwekea utaratibu mmoja: anayeuliza swali gumu ndiye anayefuatwa na mwasilishaji baada ya kikao, na hawezi kuondoka. Wakubwa wawili walilalamika. Hawajaacha kuja.

Jambo lingine nililojifunza ni urefu wa subira. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Prosper Menière alisimama mbele ya akademia ya tiba ya Paris akasema kwamba kizunguzungu kinachoandamana na masikio kuvuma na kuziwika kinatoka ndani ya sikio lenyewe, wakati wengi waliamini kinatoka kwenye ubongo. Kilichoharibika hasa kilionekana mwaka 1938, London na Japani, kila upande kivyake, watafiti walipochunguza masikio ya wagonjwa waliokwisha kufariki na kuona vifuko vya maji vya sikio la ndani vimevimba. Miaka 77. Sababu ya kuchelewa hivyo ni kwamba sikio la ndani limezikwa kwenye mfupa mgumu kuliko karibu mifupa yote mwilini, na huwezi kulikata kipande ukakipeleka maabara kama unavyofanya kwa ngozi au ini, maana utamwacha mtu bila usikivu. Njia iliyobaki ni ya wale wanaoandika wakiwa hai kwamba wakifa mfupa wa panja utolewe kwa watafiti. Nimewahi kumhudumia mmoja wao. Alikuwa ameugua masikio maisha yake yote, na siku aliyotia saini aliniambia anataka angalau mtu mmoja aone kilichokuwa kikimtesa. Hakusema zaidi, na sikumuuliza.

Nilirudi jukwaani miaka miwili baada ya lile swali. Namba yangu ya mafanikio ilikuwa imeshuka. Ilishuka kwa sababu waliopotea wengi walipatikana, na kwa sababu sasa nilihesabu usikivu pamoja na tundu. Nilionyesha pia wale ambao hatukuwapata kamwe, na hesabu zote mbili. Jarida la kwanza nililolipelekea lilijibu kwamba matokeo si mapya vya kutosha. Jarida la chama likayachapa. Ukweli ni kwamba matokeo mazuri huchapishwa kwa urahisi kuliko matokeo ya kawaida, na daktari kijana anayesoma majarida pekee ataamini kwamba kila mpasuaji duniani anafaulu kuliko yeye. Natamani kila chama kitenge kurasa kwa ajili ya matokeo ya kawaida yaliyopatikana kwa uaminifu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa usikivu, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Idadi kama hiyo haitahudumiwa kwa upasuaji wa ajabu wa mtu mmoja kwenye chumba kimoja. Itahudumiwa na madaktari wa kawaida, na hao wanahitaji kujua mambo huwa yanakwendaje siku za kawaida.

Profesa alikuwepo. Hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono kuomba jedwali lirudishwe nyuma, lile la wasiopatikana, akalisoma kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

Kilichotoka kwenye kazi ile ni fomu. Tuliipendekeza kwa chama, ikajadiliwa vikao viwili, na sasa wanachama wanaofuatilia upasuaji wa masikio wanaitumia. Ina mistari michache tu, na mmoja ni wa sista, ameuandika yeye: "Namba ya mtu anayeweza kupokea simu kwa niaba yako." Wengine walidhani ni mstari wa kawaida wa ndugu wa karibu, kwa hiyo tuliongeza chini yake: "anayesikia vizuri".

Yule mzee tulimpasua tena, safari hii kwa ajili ya vifupa. Tulimwekea kifupa cha bandia, na sikio la pili, ambalo koklea yake ilikuwa imechakaa, tukalipatia kifaa cha usikivu. Kila ziara mjukuu wake alijaza fomu na kuandika namba yake mwenyewe. Kwenye ziara ya mwaka mmoja mzee alikuja peke yake. Alichukua kalamu, akakata namba ya mjukuu kwa mstari ulionyooka, akaandika nyingine.

Jioni hiyo sista aliipiga. Iliita mara mbili.

"Haloo," ikasema sauti ya mzee. "Nani mwenzangu?"